Usawa na Kina: Historia Fupi ya Istilahi Mbili za Maji

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo hujifunza mapema kuwa mji wake uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hulikariri fungu hilo la maneno kabla hajaiona bahari yenyewe, na wengi hawaioni kamwe. Usawa wa bahari, kwao, ni jina la mahali ambapo hesabu ya milima huanzia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi hiyo ilivyoingia matatani tangu bahari ilipoanza kupimwa kutoka angani, na kwa nini hapana budi kuitenga na jirani yake, yaani kina.

Niliyaona matata hayo kwa macho yangu katika semina moja ya walimu mjini Kasulu. Tulikuwa tukisoma kijitabu kuhusu mabadiliko ya hali ya nchi, ambamo mliandikwa kwamba kina cha Ziwa Tanganyika kimeongezeka. Mwalimu mmoja, mzaliwa wa mwambao wa ziwa, akainua mkono. Akasema kuwa kwao, kwenye mlango wa mto, kina kimepungua: mahali walipokuwa wakiegesha mitumbwi mikubwa sasa pana tope, na upondo hugusa chini. Maji yamepanda hata yakaingia nyumbani, lakini kina hakuna. "Sasa, ndugu," akauliza, "tuwafundishe watoto kijitabu au tuwafundishe ziwa?" Walimu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mfasiri wa kijitabu hicho nilikuwa mimi.

Tuanze na kina, kwa kuwa ndilo neno lenye historia ndefu zaidi katika kazi za majini. Mabaharia wa pwani yetu waliteremsha bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, wakahesabu pima ngapi zimezama hata ikagusa chini. Kina basi ni umbali kutoka uso wa maji hadi sakafu yake. Hakihitaji kulinganishwa na mahali pengine popote. Mabaharia hao walijua vilevile kwamba uso wa maji hautulii: walikuwa na kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa ya saa na ya siku. Uso wa bahari nzima kupanda mwaka hata mwaka ni jambo ambalo bildi haikuweza kulionyesha.

Usawa ulikuja na wapima ardhi, na katika nyanda za Kigoma ulikuja kwa makosa. Mwezi Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji. Walipima mwinuko wa ziwa kwa kuchemsha maji, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kipimajoto chao hakikuwa cha kutegemewa. Waliandika futi 1,850, yaani kama mita 564, ilhali leo tunajua kuwa uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kina chake, mahali penye kina kikubwa kuliko pote, ni takriban mita 1,470. Mtafsiri na azitazame tarakimu hizo mbili kwa makini: ziwa ni moja, lakini la kwanza ni swali la usawa na la pili ni swali la kina. Kwa kuzitoa, tunagundua kwamba sakafu ya ziwa hilo iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari.

Ziwa lenyewe lilitufundisha mapema kwamba usawa hubadilika. Mwaka 1874 Cameron aliuona mto Lukuga, mlango wa ziwa kuelekea Kongo. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na tope na matete. Yapata mwaka 1878 kizuizi hicho kilikatika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata usawa wa ziwa ukashuka kwa mita kadhaa.

Sura mpya ilifunguliwa na setilaiti. Mwaka 1972 Marekani ilirusha Landsat ya kwanza, ambayo picha zake na za zile zilizoifuata zimewezesha mstari wa pwani kulinganishwa mwaka kwa mwaka. Mwaka 1978 ikarushwa Seasat, iliyoitazama bahari kwa rada kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kuharibika. Tarehe 10 Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zikarusha TOPEX/Poseidon, na kazi hiyo haijakatika tangu hapo: ilirithiwa na setilaiti za Jason, kisha na Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020. Namna ya kufanya kazi ni rahisi kueleza. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada chini, hupima muda yanaotumia kwenda na kurudi, na kwa kuwa mahali ilipo panajulikana, kimo cha uso wa maji hupatikana. Kwa njia hiyo imejulikana kuwa usawa wa wastani wa bahari za dunia ulipanda kwa takriban sentimita 10 kati ya 1993 na 2023.

Jambo kuu kwetu sisi ni hili: rada hiyo hurudishwa na uso wa maji. Haifiki sakafuni. Kwa hiyo mtu anayeandika kuwa setilaiti hizo zimeonyesha kuongezeka kwa kina cha bahari anazisingizia jambo ambalo hazikulipima. Yumkini tulilikimbia neno usawa kwa kuogopa lisichanganywe na usawa wa binadamu. Lakini kwa kukimbia huko tumeingia kwenye kosa kubwa zaidi.

Je, haya yanamhusu nini mkulima wa bara? Yanamhusu sana. Setilaiti hizo hupima maziwa makubwa pia, na ziliona Ziwa Tanganyika likipanda mwaka 1998 baada ya mvua za El-Nino. Mvua kubwa za 1961, 1997 na 2019 zilifuatana na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu. Joto hilo hupimwa leo kwa setilaiti na kwa maboya yanayozama na kuibuka. Ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika utabiri wa misimu, ambao kwa kawaida huiweka Kibondo pamoja na sehemu zenye vuli na masika, na Kasulu pamoja na zile za msimu mmoja mrefu. Mvua hizo hizo huteremsha udongo wa nyanda za juu hadi Malagarasi na mito mingine, na mito huupeleka ziwani. Ndiyo maana usawa waweza kupanda na kina kikapungua mahali pale pale, mwaka ule ule. Mwalimu yule hakukosea hata kidogo.

Kwa hiyo napendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali matumizi haya. Usawa uwe ni uso wa maji ukilinganishwa na kipimo kilichowekwa. Nao hupanda na kushuka. Kina kiwe ni umbali kutoka uso hadi sakafu. Nacho huongezeka na kupungua. Mwinuko uachiwe nchi kavu. Vitenzi hivyo vikishikwa barabara, msomaji atajua kinachosemwa hata kabla hajafika kwenye tarakimu.

Kijitabu changu nimekwisha kukisahihisha. Neno lililobadilika ni moja tu. Lakini kwa neno hilo moja, mtu aliyeiona nyumba yake ikiingiwa na maji na mtumbwi wake ukikwama topeni alikuwa ameambiwa na lugha yake mwenyewe kwamba hajui anachokiona.