Dhahania: Kisichoshikika Lakini Kipo

Dhahania ni neno ambalo wengi tulikutana nalo darasani, kwenye aina za nomino: uzuri, uhuru, imani. Katika elimu ya ubongo, neno hilo lina kazi kubwa zaidi. Dhana shikika, kama chungwa, hufikiwa na macho, pua, ulimi na mkono. Dhana dhahania, kama uaminifu, haina umbo wala harufu. Ubongo huihifadhi vipi?

Tuanze na chungwa. Ukilitaja, ubongo hugusa kumbukumbu za rangi, ladha na namna linavyokaa kiganjani. Mwaka 2004 Olaf Hauk na wenzake, huko Cambridge, walionyesha kuwa mtu akisoma tu kitenzi cha mguu au mkono, sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo wa kiungo hicho husisimka. Kabla yao, mwaka 1971, Allan Paivio wa Kanada alieleza kuwa maneno shikika hukumbukwa kwa wepesi kwa sababu huwekwa mara mbili: kama neno na kama taswira.

Kuhusu uaminifu, twende Soko la Buguruni alfajiri. Mchuuzi asiye na mtaji anataka tenga la nyanya kwa mali kauli: "Kaka, nipe mzigo, jioni nakuletea hela yako." Hakuna karatasi wala rehani. Mwenye mzigo anamsoma usoni, anakumbuka alivyolipa juzi, anapima wenzake wanavyomsema. Uaminifu hujengwa hapo, kwa hisia, mahusiano na maneno. Ndiyo maana dhana dhahania huegemea sana sehemu za lugha, hasa upande wa kushoto wa ubongo. Elizabeth Warrington wa Uingereza aliripoti mwaka 1975 habari za mgonjwa aliyeeleza maneno dhahania vizuri kuliko majina ya vitu vya kawaida. Aina moja inaweza kuharibika, nyingine ikabaki.

Kwa hiyo istilahi zetu zichaguliwe kwa uangalifu. Kuna kishawishi cha kuiita dhana ya chungwa "yakinifu". Lakini yakini ni uhakika, nasi tumeshaizoea katika upembuzi yakinifu. Tukiipa dhana ya chungwa uhakika, uaminifu utabaki na shaka, hasa kwa kuwa dhahania inakaribiana kwa sauti na dhana, neno linalobeba pia maana ya kushuku. "Shikika" inatosha: inataja njia ambayo dhana huingilia akilini, bila kumfanya mwanafunzi aone uaminifu ni kitu cha kufikirika tu, wakati kila alfajiri unahamisha matenga ya nyanya.