Kipa Aliyerudishwa Dover

Januari 2010 nilikuwa na umri wa miaka kumi, na katika kibanda cha kunyolea cha mjomba wangu, Mombasa, hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa McDonald Mariga. Kiungo huyo alikuwa Parma, Italia, na Manchester City walikuwa wakimtaka. Hapakuwa na Mkenya aliyewahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Sisi watoto tulikuwa tayari tumeshaamua City ni timu yetu.

Kisha habari ikaja kwamba amenyimwa kibali cha kazi. Kanuni za wakati ule zilidai mambo mawili: mchezaji awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka 2 iliyotangulia, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA. Kenya haikuwamo. Waziri Mkuu Raila Odinga aliingilia kati, lakini uhamisho ule haukufanyika.

Mjomba alizima mashine ya kunyolea akauliza, “Sasa wanataka kujua kama yeye anajua mpira, au kama sisi tunajua mpira?”

Hakuna aliyemjibu. Nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, swali lile ndilo lililonipeleka nyuma hadi mwaka 1930, kwenye bandari ya Dover.

Mwaka huo Herbert Chapman, meneja wa Arsenal, alimtaka Rudi Hiden, kipa kijana wa Austria. Hiden alipofika Dover alizuiwa kuingia. Wizara ya Kazi ilikataa, na chama cha wachezaji kiliunga mkono. Mwaka uliofuata Chama cha Soka cha Uingereza kikaweka kanuni: mchezaji wa kulipwa kutoka nchi za kigeni asisajiliwe mpaka awe ameishi nchini miaka 2. Ni nani angekaa miaka 2 bila mshahara wa mpira ili aje kucheza mpira? Mlango ulifungwa bila mtu kulazimika kusema umefungwa.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na hasira iliyo tayari. Ilipungua kidogo nilipotazama mwaka wenyewe. Kufikia mwisho wa 1930 Uingereza ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2 wasio na kazi. Mchezaji wa kulipwa hakuruhusiwa kupata zaidi ya pauni 8 kwa wiki, hata awe hodari namna gani. Watu hao walimwona Hiden kama mtu aliyekuja kuchukua mkate wa mwenzao. Hofu yao ilikuwa ya kweli, hata kama kipa mmoja hakuwa chanzo chake.

Desemba 1932 Hiden alifika London bila kuzuiwa, safari hii kama kipa wa timu ya taifa ya Austria. Uingereza ilishinda 4-3 kwa jasho. Baadaye alihamia Paris, akapata uraia, akaidakia hata Ufaransa.

Kanuni ya miaka 2 ilidumu hadi 1978, ilipoondolewa kwa shinikizo la sheria za Jumuiya ya Ulaya. Kiangazi hicho Tottenham wakawaleta Waargentina Osvaldo Ardiles na Ricardo Villa. Lakini kibali cha kazi kilibaki, na ndicho kilichokuja kuipima nchi ya mchezaji kwa orodha ya FIFA. Mwaka 2015 sharti la 70 bora likakazwa likawa 50 bora. Tangu 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, hata Mfaransa na Mjerumani wanahesabiwa pointi, na zinazohitajika ni 15. Ligi anayotoka mchezaji nayo huhesabiwa. Zimepangwa katika madaraja 6, na ligi zetu ziko katika la mwisho. Mwaka 2023 klabu ziliongezewa nafasi chache za kusajili baadhi ya wasiofikisha pointi.

Pointi hizo zinamwangalia mchezaji mwenyewe zaidi kuliko zamani, nakubali. Ila kijana anayecheza Nairobi leo bado anabebeshwa mzigo wa ligi yake, kama Mariga alivyobebeshwa wa taifa lake. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu alikuwa mdogo wake, Victor Wanyama, aliyejiunga na Southampton mwaka 2013. Alipitia Scotland kwanza.

Mariga mwenyewe hakukaa bure. Siku zile zile Inter Milan walimsajili. Kufikia Mei 2010 klabu hiyo ilikuwa imetwaa ligi ya Italia, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Kenya ilikuwa bado nje ya 70 bora.