Gongo la kriketi: madhara ya unyevu

Madhara ya unyevu katika gongo la kriketi ni mabadiliko ya umbo, uzito na uimara yanayotokea pale bapa, yaani ile sehemu pana ya kupigia mpira, linapofyonza maji kupita kiasi. Sheria za mchezo zinataka bapa liwe la mti, na mti unaopendelewa ni mwerebi, hasa ule wa Uingereza na wa Kashmir, kwa kuwa ni mwepesi na haupasuki upesi unapopigwa. Fundi huukausha hadi unyevu ubaki takribani asilimia 10 hadi 12, kisha hulikandamiza bapa kwa rola ili uso wake ustahimili mpira.

Maji huingia zaidi kupitia kitako, yaani ncha ya chini ya bapa, ambako nyuzi za mti zimekatwa kwa kukingama na vijifereji vyake vimebaki wazi. Mpigaji anayemsubiri mrushaji ana mazoea ya kugongagonga kitako ardhini, na uwanja ukiwa na umande au umenyeshewa, kila pigo hupandisha maji kidogo. Hapo ndipo ule ukandamizaji wa kiwandani unapogeuka hasara, kwani chembe za mti zilizobanwa zikilowa hujitanua, kitako hufura na kuwa kinene kuliko sehemu iliyo juu yake, na hata kikikauka hakirudii kikamilifu unene wake wa awali. Dalili nyingine ni weusi, mparuzo na nyufa fupi zinazopanda kutoka chini. Mpini nao, unaotengenezwa kwa vipande vya henzirani vilivyogundishwa na kupachikwa katika bapa kwa kiungo chenye umbo la herufi V, huweza kulegea iwapo maji yatafikia gundi.

Gongo lililolowa hufutwa kwa kitambaa kikavu, likavuliwa mpira wa kitakoni na karatasi ya plastiki ya usoni endapo vimenasa maji, kisha likalazwa kivulini penye hewa kwa siku kadhaa. Kulianika juani, kuliweka karibu na moto au kulifungia ndani ya buti la gari ni kosa linaloharibu gongo, maana sehemu ya nje hukauka na kusinyaa ilhali ya ndani bado imejaa maji, na mvutano huo ndio unaopasua mti. Likishakauka, sehemu iliyofura husuguliwa kwa msasa laini, nyufa hutiwa gundi nyepesi inayopenya, na zilizo ndefu hufungwa kwa utepe wa nyuzi.

Mafuta mabichi ya kitani hupunguza kasi ya unyevu kuingia, lakini wenye magongo huyatumia kwa pupa. Yanatosha matabaka machache mepesi usoni, ubavuni na kitakoni, gongo likiwa limelazwa na kila tabaka likiachwa likauke. Kiungo cha mpini hakipakwi, na gongo halisimamishwi ndani ya mafuta, kwa sababu mti ulioshiba mafuta huwa mzito na hupoteza mnepo wa kurudisha mpira. Kupaka mafuta juu ya mti ambao bado ni mbichi kwa maji ni kuyafungia maji hayo ndani.

Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina unyevu karibu mwaka mzima, gongo halipaswi kuhifadhiwa ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na glavu zenye jasho. Kinga ya kudumu ni kuziba kitako kwa vanishi na kukibandika mpira mwembamba, ambao sheria zinauruhusu mradi usizidi milimita 3. Kitako kilichokwisha kuoza au kuachana tabaka hakiponyeki kwa mafuta wala gundi: fundi hukikata na kuunga kipande kipya cha mwerebi, na uharibifu ukipanda hadi eneo la kupigia, gongo hilo halifai tena kwa mpira mgumu.