Msitu wa Tabora na Walimu Wake Waliosahauliwa

Wanafunzi ninaowapeleka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huuliza kwanza habari za Livingstone. Ni swali halali. Katika nyumba ile ya tembe aliagana na Stanley mwezi Machi 1872, kisha akabaki hapo hadi Agosti. Lakini mimi hungoja aulizwe mtu mwingine: alikuwa akimsubiri nani muda wote huo? Jibu ni wapagazi kutoka pwani. Mtu ambaye vitabu vya shule vilitufundisha kumwita mvumbuzi alikwama miezi mitano kwa sababu hapakuwa na watu wa kumbebea mizigo.

Nianzie hapo, kwa kuwa ninapozungumzia elimu ya uhifadhi huambiwa kwamba ni jambo lililoletwa na serikali, na wafadhili baada yake. Historia ya njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, haikubaliani na dai hilo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi kwa maelfu walifunga safari ya pwani mavuno yakishaingia ghalani, wakajitahidi kurejea kabla ya msimu wa kulima. Kijana wa safari ya kwanza alijifunza kwa kirangozi na kwa wakubwa zake. Alipaswa kujua kisima kipi hukauka kabla ya kingine na wapi pana mbung'o. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, ambalo jina lake lenyewe ni onyo. Msafara uliokosea hesabu ya maji humo ulizika watu. Hiyo ilikuwa elimu ya nje ya darasa, na mtihani wake haukuwa na marudio.

Sisemi haya kuipamba njia ile. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watumwa. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji, ambayo wenyeji husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia, inatia kivuli juu ya historia chungu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO, pamoja na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Angalia lakini: tumeorodhesha vituo. Msitu uliopo kati ya kituo na kituo, ambamo safari yenyewe ilifanyika, haumo katika fikra zetu za urithi.

Msitu huo umebadilishwa wenyewe mara kadhaa. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Waingereza, kwa sheria ya ardhi ya 1923, wakaitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaendelea na neno lile lile, isipokuwa mdhamini sasa ni Rais. Neno "umma" limedumu kwa zaidi ya miaka mia moja bila sisi kukaa na kuulizana ni akina nani.

Katikati ya sheria hizo kuna sura ambayo watumishi wa misitu na wanyamapori wanaosoma hapa nawaomba waitafakari. Tauni ya ng'ombe iliyopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua mifugo kwa wingi. Palipokosa mifugo na jembe, kichaka kilirudi, na mbung'o wakarudi nacho. Mwanahistoria Helge Kjekshus alieleza mwaka 1977 kwamba Waafrika walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba ukoloni, vita na magonjwa ndivyo vilivyouvunja utawala huo. Wapo waliomkosoa kwa kuipendezesha mno hali ya kabla ya ukoloni, na nadhani wana haki kiasi. Hata hivyo hoja yake ya msingi inashika katika Tabora. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa magharibi kutoka makazi yaliyotawanyika porini na kuwakusanya katika vijiji vya kudhibiti malale. Kwa hiyo eneo la kijani kwenye ramani, tunaloliita "pori asilia", mara nyingine ni mahame. Watu waliondolewa kwanza. Uasilia ukaandikwa baadaye.

Waliobaki na njia ya kuingia ni warina asali. Miombo huchanua, nyuki hufuata, na mrina hujua mtundu upi utatoa maua mwaka huu. Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, kilichoanzishwa mwaka 1978, kimewafundisha mabwana nyuki wa nchi hii kwa miongo kadhaa, na sijui chuo kingine chetu ambacho wanafunzi wake wana sababu nzito kama hiyo ya kuwasikiliza wanakijiji. Mabishano hayakosekani. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuchuna mti, na mti uliochunwa mzunguko mzima hufa. Bwana nyuki anakataza kwa haki. Mrina naye hujibu kwamba gome halina bei, ilhali mzinga wa kisasa unahitaji mbao na fedha, na kwamba mabani ya tumbaku ya Urambo yanateketeza kuni nyingi kuliko mizinga yake yote. Wote wawili wanasema kweli. Ningependa kila mwanafunzi wa sera za umma akae chini ya mti asikilize ubishi huo kwa siku moja. Ungemfaa kuliko mihadhara yangu.

Ugalla ilitangazwa pori la akiba mwaka 1965. Kwa miaka mingi warina asali waliruhusiwa kuingia kwa kibali na kwa msimu, wakapiga kambi zao, wakavuna, wakatoka. Mwaka 2019 Mto Ugalla ukawa hifadhi ya taifa, na hadhi hiyo haina nafasi kwa mavuno ya aina hiyo. Sababu za uamuzi zinaeleweka: ujangili ulikuwapo, mifugo iliingia, na si kila aliyejiita mrina alifuata asali. Mimi si mpinzani wa hifadhi. Ninachohoji ni hesabu iliyofanywa. Tuliandika mapato ya utalii yanayotarajiwa. Je, tuliandika popote thamani ya mzee anayejua kila kijito cha Ugalla kwa jina, na ya kijana ambaye sasa hana pa kwenda naye kujifunza?

Sheria inaweza kurekebishwa, na ziko jumuiya za hifadhi za wanyamapori za Ipole na Uyumbu, katika mkoa huo huo, zinazompa mwanakijiji nafasi ya kuwa msimamizi. Mzee hangoji sheria. Mwaka jana mmoja wao, Sikonge, alinitajia miti kumi na minne tuliyoipita kwa gari, na mwaka ambao kila mmoja ulichanua vizuri mara ya mwisho. Nilimwuliza amemfundisha nani. Akamwonyesha mjukuu wake, aliye kidato cha pili, ambaye hajawahi kulala porini hata usiku mmoja.