Mapato ya Matangazo katika Miongozo ya Wasafiri: Kutoka Bradshaw Hadi Intaneti

Mwongozo wa msafiri, yaani maandishi yanayomweleza mgeni afikie wapi, ale nini na apande chombo gani, umekuwa na walipaji wawili tangu karne ya 19: msafiri anayeununua, na mfanyabiashara anayetaka msafiri huyo aje kwake. Tovuti za usafiri zinazojiendesha kwa matangazo zimerithi fedha za mlipaji wa pili, na zimerithi pia shaka inayofuatana nazo, kwa kuwa msomaji hana budi kujiuliza iwapo hoteli imesifiwa kwa uzuri wake au kwa malipo.

Nchini Uingereza, vitabu vya ratiba za treni alivyoanza kuvichapisha George Bradshaw mwaka 1839 vilikuja kunenepa kwa kurasa za matangazo ya hoteli. John Murray wa London, ambaye miongozo yake ilianza kutoka mwaka 1836, aliyatengea matangazo sehemu yake ya peke yake, ili maneno ya mwandishi yasichanganyike na ya wauzaji. Kampuni ya Kijerumani ya Baedeker iliyakataa kabisa, na katika dibaji zake iliwaarifu wenye hoteli kwamba njia ya pekee ya kusifiwa ni kumtendea msafiri haki na kumpokea kwa adabu. Ndugu André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, walipita njia zote mbili: mwaka 1900 waligawa bure nakala zipatazo 35,000 za mwongozo wao uliokuwa na matangazo ndani yake, kisha mwaka 1920 wakaanza kuuuza na kuyaondoa matangazo ya kulipia. Uamuzi huo ulisaidia kujenga sifa ya mwongozo huo, kwa sababu tangu hapo aliyelipa alikuwa yule yule aliyesoma.

Intaneti iliurudisha mzigo kwa mtangazaji, kwani wasomaji wake walizoea mapema kusoma bila kulipa. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ya Marekani iliweka mabango ya matangazo, yaani vipande vyembamba vya picha vilivyolazwa juu ya ukurasa, na bango la kampuni ya simu ya AT&T lilimpeleka aliyelibofya kwenye orodha ya majumba ya makumbusho yaliyokuwa na kurasa zao mtandaoni. Inasimuliwa kwamba watu 44 katika kila 100 waliolitazama walilibofya, kiwango ambacho hakikudumu, kwa maana mabango yalipozidi kuwa mengi macho yalijifunza kuyaruka.

Tovuti ya usafiri ya TripAdvisor, iliyoanzishwa na Stephen Kaufer na wenzake mwaka 2000, ilipata riziki yake pale ilipoacha kutegemea kuuza huduma yake kwa tovuti nyingine na kuanza kumtoza mtangazaji kwa kila mbofyo, yaani kwa kila msomaji aliyevuka kutoka ukurasa wa hoteli fulani hadi kwa muuzaji wa vyumba vya hoteli hiyo. Mtu aliyefika kwenye ukurasa huo tayari ana tarehe ya safari na fedha mkononi, na ndiyo maana mbofyo wake una thamani.

Mwandishi wa tovuti ndogo, asiye na karani wa kumtafutia watangazaji, alifunguliwa mlango Juni 2003 Google ilipozindua AdSense. Chini ya mpango huo mwenye tovuti hubandika msimbo katika ukurasa wake, programu huyasoma maneno yaliyoandikwa, na mnada wa nafasi ya tangazo hufanyika kwa kufumba na kufumbua, hata ukurasa unaoeleza kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame ukafunguka ukiwa na tangazo la viatu vya milimani, tiketi za ndege au bima. Mwaka 2010 Google ilitangaza hadharani kwamba mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya malipo ya mtangazaji. Madhara ya mpango huo hayakuwa madogo, kwa kuwa bima, hoteli na tiketi, zenye wazabuni wengi, ziliandikiwa kurasa zisizohesabika, ilhali mji usio na hoteli ya kununua tangazo haukuwa na kitu cha kumvuta mwandishi anayeishi kwa mapato hayo.

Serikali nazo ziliingia. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa mwongozo unaowataka waandishi wa mtandaoni waseme wazi wanapolipwa au kupewa kitu bure na yule wanayemsifu, takwa ambalo Murray alikuwa amelitimiza kwa kuyatenga tu matangazo yake. Mpango wa Google nao ulibadilika: mwanzoni mwa mwaka 2024 AdSense iliacha kuwalipa wenye tovuti kwa mbofyo na kuanza kuwalipa kwa tangazo kuonekana tu, jambo ambalo mwenye hoteli katika kurasa za Bradshaw alikuwa akililipia tangu zamani.