Kamba ya Usumba, Kamba ya Mwani

Shuleni tulikariri majina ya masultani na miaka ya mikataba. Tulijua karafuu ilipandwa wapi na ikauzwa kwa nani. Lakini katika miaka yote hiyo, hadi namaliza kidato cha nne, sikumbuki siku moja mwalimu alipotuambia habari ya kamba. Na mie naamini kwamba nusu ya historia ya uchumi wa vijiji vya pwani ya Unguja imefungwa kwenye kamba mbili, na zote mbili zimeshikwa na wanawake.

Kamba ya kwanza ni ya usumba. Vijiji vya mashariki, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, vimekaa juu ya ardhi ya mawe. Muhogo wenyewe humea kwa taabu. Basi wanaume wakenda baharini, na wanawake wakachimba mashimo pwani, pale maji yanapojaa na kupwa. Humo walifukia makumbi ya nazi na kuyagandamiza kwa mawe. Yalikaa miezi mpaka yakalainika, kisha yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo, yakaanikwa, na mwisho yakasokotwa kwa viganja. Harufu yake, anayeijua anaijua! Kamba ile ilifunga vyombo, ikawamba vitanda, ikashika fito za nyumba. Bibi yangu mzaa mama aliwanunulia wanawe madaftari kwa pesa ya usumba. Ila bei hakuitaja yeye. Alikuja mchuuzi, akaipima kamba kwa macho, akasema lake. Halafu ikaja nailoni, na usumba ukashuka thamani. Hadi leo wapo wanaousokota, lakini si kama zamani.

Kamba ya pili ni hiyo hiyo nailoni. Ajabu ya dunia: iliyomnyang'anya bibi soko ndiyo iliyompa binti yake kazi.

Mwani haukuanza kuuzwa juzi. Kabla ya uhuru watu wa pwani walikuwa wakiokota mwani wa porini, ule unaotupwa na mawimbi, na wafanyabiashara wakiupeleka ng'ambo. Kuokota kuna mwisho wake. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti na kushauri kwamba mwani ulimwe, kama unavyolimwa Ufilipino. Ushauri ukachukua muda kuzaa. Mwaka 1989 ndipo kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka huko huko Ufilipino. Baadaye kikaenea hadi Pemba, ambako sasa ndiko unakotoka mwani mwingi zaidi.

Kazi yenyewe ukiitazama kutoka barazani unaweza kudhani ni mchezo. La hasha! Vijiti vinapigwa mchangani, kamba inavutwa baina yake, na vipande vya mbegu vinafungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Saa haipangwi na mtu, inapangwa na bamvua. Maji yakipwa alfajiri, unatoka alfajiri. Yakipwa jua la utosi, ndiyo hivyo hivyo, umeinama, maji magotini. Baada ya kama wiki sita unavuna, unabeba mzigo unaochuruzika maji, unaanika. Ukishakauka, gunia lililokuvunja mgongo limebaki kifurushi.

Lakini pesa ililipwa mkononi mwa mwanamke mwenyewe, na hapo ndipo historia ilipopinda. Nimesimuliwa kwamba mwanzoni wapo waume waliokataza. Mabati mapya yalipoanza kung'aa juu ya mapaa, makatazo yakaisha yenyewe. Wanaume nao walijaribu, kisha wengi wakarudi kwenye uvuvi au wakafuata hoteli. Leo hutajwa wakulima zaidi ya 20,000 Zanzibar, na katika kila 100, kama 80 ni wanawake.

Sasa tuulizane, hadithi imeisha kwa heri? Bado. Mkulima alipewa kamba na taitai na kampuni inayonunua, kwa sharti kwamba mwani wake auze huko huko. Bei aliikuta imeshapangwa, na bei ile nayo ilikuwa ikifuata hali ya soko la Ufilipino na Indonesia, nchi zinazotoa mwani mwingi kuliko sisi. Na wakulima wengi, kwa miaka mingi, hawakujua sawasawa mwani ukishapanda meli unafanywa nini. Unatolewa karajinani, kitu cha kugandisha na kulainisha, kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Mama wa Jambiani akapiga mswaki asubuhi bila kujua kwamba huenda jasho lake limemrudia mdomoni. Mtu asiyejua bidhaa yake inakwenda kufanya nini ataibishia bei kwa hoja gani?

Bahari nayo ikaleta lake. Kuna mwani mwembamba na kuna mwani mnene. Mnene ndio wenye bei nzuri, na ndio dhaifu. Kuanzia miaka ya 2000 maji yalizidi joto, maradhi yakaingia, ukawa unafia kwenye kamba katika sehemu nyingi. Njia mojawapo ni kulima kwenye kina kirefu, lakini huko panataka chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Umeona basi? Hata mila iliyomzuia msichana kuingia majini imeingia katika hesabu ya kilo.

Jibu moja lilitoka kwenye jiko. Kuanzia 2006 watafiti na vikundi vya wakulima walikaa pamoja kutafuta namna ya kuuongezea mwani thamani hapa hapa. Kidoti, kaskazini ya Unguja, kuna kikundi kinaitwa Tusife Moyo. Wanasaga mwani, wanachanganya na mafuta ya nazi na kostiki, wanatia manukato ya viungo vyetu, wanakata sabuni. Kipande kimoja huuzwa kwa bei kubwa kuliko kilo nzima ya mwani mkavu. Sisemi sabuni imemaliza shida. Mwani mwingi bado unaondoka ghafi, wanunuzi wa sabuni wengi ni watalii, na Paje wakulima wanagombea maji na wageni wanaovutwa na tiara baharini. Lakini kwa mara ya kwanza tangu zama za makumbi, aliyetengeneza ndiye anayetaja bei. Mie hilo naliita mapinduzi, hata kama halikupigiwa ngoma.

Sisi vijana wa mjini tunaotaka kuandika riwaya tunahangaika kutafuta mashujaa, mara jemadari, mara mpelelezi. Wanawake waliosokota usumba wanaondoka mmoja mmoja, na hawakuandika kitu. Mwenye bibi pwani na amfuate na daftari, amuulize kamba moja iliuzwaje na nani alitaja bei. Na aende mapema, kabla ya bamvua, maana maji yakishapwa hatamkuta nyumbani.