Ngozi ya Mgonjwa na Ushahidi wa Brusela: Hoja kwa Matabibu wa Kyela
Mgonjwa wa homa anayefika zahanati katika kata ya Ngonga, wilayani Kyela, hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa una joto, mvua nyingi na majaruba ya mpunga yanayotuamisha maji. Hoja yangu inahusu hatua inayofuata, pale kipimo kinapoonyesha hakuna malaria na homa bado ipo. Hapo tabibu amfunue mgonjwa mikono na miguu, kisha amwulize habari za ng'ombe.

Tuna sababu ya kulisisitiza hili. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, ilipatikana kwa 16. Kyela si Moshi, na malaria yake ni nzito zaidi, lakini ng'ombe wapo, maziwa mabichi na ya mgando yanatumika, na watafiti wamekwisha kukuta kingamwili za brusela kwa ng'ombe wa mkoa wa Mbeya.

Ishara za ngozi za ugonjwa huu ni za namna mbili, na kuzichanganya ni kosa. Ya kwanza humpata aliyemzalisha ng'ombe, au aliyetoa kondo la nyuma lililogoma kutoka, kwa mikono mitupu. Kondo la ng'ombe aliyetupa mimba kwa brusela hubeba bakteria wengi mno. Saa au siku chache baadaye mikono huwasha na kuvimba, vipele vikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, vingine vikiwa na usaha. Huu hasa ni mzio: mwili uliokwisha kukutana na bakteria hao unapambana nao upya. Kwa hiyo vipele hivyo hutueleza zaidi yaliyompata mtu huyo zamani, na mwenyewe anaweza asiwe na homa kabisa.

Namna ya pili hutokea bakteria wakishasambaa kwa njia ya damu. Pamoja na homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo, mgonjwa anaweza kuwa na vipele vya kiwiliwili, vinundu vyenye maumivu kwenye miundi, majipu, au madoa madogo ya damu chini ya ngozi chembe sahani zinapopungua. Picha za vitabuni huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi. Kinundu huiva weusi, na mara nyingi vidole vya tabibu hukigundua kabla ya macho.

Atakayepinga atasema dalili hizi ni adimu, na ni kweli: katika ripoti nyingi hazifiki kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi. Atasema pia kwamba vinundu vya miundi huletwa na kifua kikuu, na kwamba ukoma nao huleta vinundu vya homa. Nakubali yote. Ndiyo maana sisemi ngozi ithibitishe brusela. Kazi hiyo ni ya maabara. Ngozi imfanye tabibu aulize: je, ng'ombe wenu ametupa mimba karibuni? Nani alimzalisha? Maziwa mnayachemsha kabla ya kuyagandisha? Maana uchachu wa mgando si kinga ya kutegemewa.

Hata tiba inadai jicho kwenye ngozi. Doksisaiklini hutumika wiki sita pamoja na dawa nyingine, kwa kuwa ikitumika peke yake ugonjwa hurudi mara nyingi. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mkulima anayeshinda kwenye mpunga akiona uso na mikono vinababuka, anaweza kuiacha dawa akidhani inamdhuru. Aambiwe mapema avae mikono mirefu na kofia.

Mwaka 2017 Tanzania iliiweka brusela miongoni mwa magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama. Kipaumbele hicho kishuke hadi zahanati: tabibu akiona mikono yenye vipele vya kuzalisha ng'ombe, amjulishe afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, na afisa mifugo anayekuta ng'ombe aliyetupa mimba aipeleke familia ile ikapimwe.